Somo la Redio: Rais na Washauri Wake Wakati wa Vita

Fungueni madaftari. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno matatu: MSHAURI, MPAKA, SIFA. Mshauri ni mtu aombwaye maoni kabla jambo halijaamuliwa. Mpaka ni mwisho wa shamba au wa nchi. Sifa ni vile watu wanavyokufikiri na kukusema. Tusome sasa.

Mwisho wa Oktoba 1978 askari wa Idi Amin, mtawala wa Uganda, waliingia nchini mwetu katika Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao leo waitwa Kagera. Waliua watu, wakachukua ng'ombe, wakavunja daraja la Kyaka. Amin akatangaza kwamba nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, kama maili za mraba 710, ni yake. Tarehe 2 Novemba Rais Julius Nyerere aliwaambia wananchi kwamba kazi ni moja tu, kumpiga adui. Na kwamba uwezo upo, sababu ipo na nia ipo.

Uamuzi huo haukuwa mgumu. Wewe una shamba la mahindi Handeni. Jirani akiingia, akang'oa alama za mpaka na kuvuna mahindi yako, hutauliza watu watasemaje. Utamtoa.

Kabla ya mwaka kwisha adui alikuwa amerudishwa ng'ambo. Hapo ndipo swali gumu lilipokuja. Je, tusimame mpakani, au tuvuke tumfuate? Tukisimama, Amin bado ana jeshi, naye aweza kurudi. Tukivuka, Afrika itasemaje? Kumbukeni kwamba Nyerere mwenyewe ndiye aliyependekeza Cairo, mwaka 1964, kwamba nchi za Afrika ziheshimu mipaka zilizoikuta wakati wa uhuru.

Rais haamui mambo kama haya peke yake. Rashidi Kawawa alikuwa Waziri wa Ulinzi. Benjamin Mkapa alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Kabla ya hapo alikuwa mhariri wa gazeti, kisha mwandishi wa habari wa Rais. Kazi ya mmoja ni kujua askari na risasi. Kazi ya mwingine ni kujua nchi nyingine zitatuonaje. Wahenga walisema: penye wazee haliharibiki neno.

Basi Mwalimu alieleza kwamba vita ni viwili. Watanzania wanalinda nchi yao. Waganda wanamwondoa mtawala wao. Maelezo hayo yalilinda sifa ya Tanzania. Lakini Waganda waliotoka uhamishoni walikuwa wachache. Askari wengi walioingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979 walikuwa Watanzania. Mzazi wa Korogwe mwenye kijana vitani alijua kijana wake yuko wapi, redio iseme isiseme.

Tazameni na uamuzi mwingine. Libya ilipeleka askari kumsaidia Amin, nao wakashindwa Lukaya mwezi Machi. Mwalimu akaagiza barabara ya Kampala kwenda Jinja isifungwe, ili Walibya wapate kuondoka. Kwa nini adui aachiwe mlango? Kwa sababu hakutaka vita vionekane kuwa vya Waafrika na Waarabu. Tena adui mwenye njia ya kutoka hapigani mpaka kufa. Hapa sifa njema na akili ya vita vilikwenda pamoja.

Mwezi Julai 1979, katika mkutano wa wakuu wa Afrika huko Monrovia, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania kwa kuvuka mpaka. Nyumbani nako gharama ilikuwa kubwa. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikapita, na sabuni, nguo na dizeli bado zilikuwa adimu katika miaka ya 1980.

Tunajifunza nini? Kiongozi lazima afikiri juu ya sifa ya nchi, maana nchi isiyo na rafiki hupigana peke yake. Lakini mshauri mwema hasemi tu yale yatakayopendeza masikio ya mkubwa wake. Husema pia: wananchi watalipa nini, na kwa muda gani? Nasi tusikiapo habari za vita, tuulize mambo hayo hayo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini kuvuka mpaka kulikuwa kugumu kuamua kuliko kumtoa adui?
2. Kwa nini barabara ya Jinja iliachwa wazi?
3. Ungekuwa mshauri wa Rais, ungewaambiaje wananchi juu ya muda wa shida?

Andikeni jibu la swali la tatu kwa sentensi tatu.