Mlima Unaoonekana Kutoka Kayole

Msikilizaji, panda juu ya ghorofa yoyote Kayole, mashariki mwa Nairobi, asubuhi isiyo na ukungu, upenye kati ya nguo zilizoanikwa na matangi ya maji, kisha utazame upande wa machweo. Ile ni Milima ya Ngong, imejikunja kama ngumi.

Ni msitu wa hifadhi chini ya shirika la misitu, KFS. Ukishalipa langoni, unatembea hadi kilele cha Lamwia, mita 2,460, ukipita chini ya mitambo ya umeme wa upepo ya kampuni ya KenGen inayovuma kama lori lisilofika.

Lakini hesabu ya mama wa Kayole haianzii langoni, inaanzia stejini. Matatu hadi mjini, nyingine hadi Ngong, halafu kurudi. Zidisha kwa watoto watatu, na mvua ikinyesha makanga hana huruma. Pesa ya unga imekwisha kabla ya kuona mti.

Kwa kuwa hatuonekani mlimani, wapo wanaosema watu wa Eastlands, yaani Kayole na majirani zake, hawajali mazingira. Wafike Dandora, mtaa jirani, waone nyua zilizosafishwa na vijana wenyewe.

Naomba basi moja la kaunti, Jumapili moja kwa mwezi, moja kwa moja hadi langoni. Sijaomba mlima uhamishwe.