Roketi na Njia ya Kwenda Baharini

Roketi ikitajwa kwenye baraza la kijiji, swali la kwanza huwa ni hili: je, ikilipuka? La pili ni ajira: vijana wetu watapata kazi? Waheshimiwa wanayapenda maswali haya mawili kwa sababu wanakuja na majibu yake mfukoni. Mhandisi atasema eneo la usalama limepimwa, mwanasiasa atasema kazi zitakuwa tele, kisha soda zinagawanywa. Mimi leo nina swali la tatu, nalo nimelitoa Alcântara, nchini Brazili.

Alcântara ni rasi katika jimbo la Maranhão, ng'ambo ya ghuba ukitokea mji wa São Luís. Iko digrii mbili na ushei kusini mwa ikweta, na hilo ndilo lililowavutia wakubwa. Kwenye ikweta dunia huzunguka kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekezwa mashariki hupata msukumo huo bila kuchoma tone la mafuta. Ikianguka, inaanguka Atlantiki. Ngomeni yetu, kaskazini mwa Malindi, nayo haifiki digrii tatu kusini mwa ikweta, na mbele yake ni Bahari ya Hindi. Ndiyo maana Waitaliano walisimamisha majukwaa yao pale baharini, wakarusha setilaiti kuanzia mwaka 1967. Mojawapo, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, iliitwa Uhuru.

Tofauti ni kwamba Brazili ilitaka ardhi. Na ardhi ile ilikuwa na wenyewe: wajukuu wa Waafrika waliopelekwa utumwani kulima pamba, ambao walibaki pale mabwana walipofilisika na kuondoka. Mwaka 1980, enzi za utawala wa kijeshi, hekta 52,000 zilitwaliwa. Kituo kikafunguliwa mwaka 1983. Kisha, kati ya 1986 na 1988, familia 312 zikahamishwa kutoka ufukweni na kupelekwa kwenye vijiji saba vya kupangwa, huko ndani.

Tusimame hapo kidogo. Kila familia ilipewa shamba la hekta 15, chini ya nusu ya kipimo cha kawaida cha shamba la familia katika eneo lile, tena kwenye udongo hafifu. Watoto walipokua hawakuwa na pa kujenga, wengi wakaenda kubanana pembezoni mwa São Luís. Lakini jambo lililowaumiza zaidi ni bahari. Zamani vijiji vya pwani vilitoa samaki na kamba, vijiji vya ndani vikatoa unga wa muhogo, wakabadilishana. Sasa mvuvi anaishi kilomita kadhaa kutoka kwenye maji, na kati yake na chombo chake kuna eneo la jeshi. Kwenda kuvua kukawa jambo la kuombewa ruhusa. Yeyote aliyekulia pwani anajua kwamba maji hayamsubiri mtu anayeomba ruhusa. Yakipwa, yamepwa.

Mlipuko nao ulikuja. Tarehe 22 Agosti 2003, siku tatu kabla ya kurushwa, roketi iliwaka ikiwa bado kwenye mnara wake. Mafundi na wahandisi 21 wakafa. Ni msiba mkubwa, Mungu awarehemu. Ila hao walikuwa watu wa kituo. Wanakijiji walikuwa wameshaumia miaka 15 kabla yake, bila moto na bila moshi, na hakuna kamera iliyokwenda kuwapiga picha.

Tena faida yenyewe iko wapi? Katika miaka 40 ya kwanza ya kituo kile, hakuna setilaiti hata moja iliyofika kwenye mzingo wake kutokea pale. Brazili ikaungana na Ukraine kujenga mtambo mwingine, na mwaka 2008 watu wa kijiji cha Mamuna wakaziba njia mashine zisiingie mashambani mwao. Mwaka 2015 Brazili ikajitoa katika ubia huo. Mwaka 2023 serikali iliomba radhi mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, na Machi 2025 hukumu ikatangazwa: haki za jamii 171 zilivunjwa, na wapewe hatimiliki ya ardhi yao. Mtoto aliyehamishwa akiwa mgongoni mwa mama yake, leo ana mvi.

Kuna waliokataa mapema. Katika kaunti ya Camden, jimbo la Georgia, Marekani, viongozi walitumia zaidi ya dola milioni 10 kutafuta kituo cha roketi. Machi 2022 wananchi wakapiga kura, na karibu asilimia 72 wakasema ardhi isinunuliwe. Huko Texas, kwenye ufukwe wa Boca Chica, hali ni nyingine: katiba ya jimbo inampa kila mtu haki ya kufika ufukweni, lakini sheria ya mwaka 2013 inaruhusu ufukwe ufungwe wakati wa kurusha roketi.

Kenya nayo imekuwa ikizungumzia kujenga kituo chake pwani. Sisemi kisijengwe. Mimi napenda vyombo hivi, na tangu utotoni nikisikia habari ya roketi siwezi kulala. Ila swali langu la tatu ni hili: njia ya kwenda baharini itapita wapi, na nani atakuwa na ufunguo?

Kwa hiyo, wazee wangu na dada zangu mlio Ngomeni na kwingine, waheshimiwa wakija na michoro yao, nanyi wekeni mchoro wenu mezani. Onyesheni kila kijia cha kushukia maji, kila bandari ya mitumbwi, kila penye mikoko mnapookota kaa. Waandike siku ngapi kwa mwaka bahari itafungwa, na zisigongane na msimu upi. Waandike nani atamlipa mama karanga, yule muuza samaki wa kukaanga, siku ambayo hakuna samaki wa kukaanga, maana jina lake haliko kwenye orodha ya wavuvi. Mchoro huo utiwe saini pamoja na mkataba, na nakala moja ibaki kwa mwenyekiti wa wavuvi.