Feni ya Rejeta: Ujue Ugonjwa Kabla ya Kununua Dawa
Mazungumzo kwa madereva na wenye motokaa wa pwani ya Kilifi na Malindi



Nimeombwa kuzungumza nanyi juu ya chombo kidogo kikaacho nyuma ya rejeta, nacho ni feni. Madereva wengi hawakikumbuki mpaka siku ile mshale wa joto unapopanda na mvuke kufuka chini ya boneti. Hapo fundi huitwa, na mwenye gari huambiwa anunue rejeta. Akisha kuinunua, gari huchemka vilevile. Kisha huambiwa anunue pampu ya maji, nayo haiponyi. Fedha zimekwisha, na ugonjwa ungali palepale.

Jambo hili si dogo katika nchi yetu. Maembe ya Magarini hayana budi kufika soko la Kongowea kabla hayajaharibika. Mgonjwa atokaye Ganze au Vitengeni kwenda hospitali ya Kilifi hawezi kungoja njiani injini ipoe. Na mtu aliyenunua matatu kwa mkopo, injini yake ikiharibika, deni halisimami pamoja na gari. Kwa hiyo nataka tuelewane juu ya jambo moja: kabla ya kununua kitu chochote, dereva na ajiulize, “Je, joto hupanda wakati gani?” Jibu la swali hilo ni nusu ya matibabu.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Petroli au dizeli iunguapo ndani ya silinda, sehemu kubwa ya nguvu yake haifiki kwenye magurudumu, bali hugeuka kuwa joto. Maji huzunguka ndani ya injini yakisukumwa na pampu, yakalichukua joto hilo na kulipeleka katika rejeta. Rejeta ni mabomba membamba yaliyopangwa pamoja na mapezi ya bati, na upepo upitao kati yake ndio unaoliondoa joto.

Basi upepo huo watoka wapi? Ninyi mliozaliwa pwani mtanifahamu upesi. Jahazi lenye upepo halihitaji makasia. Lakini katika shwari, pasipo kasia haliendi. Gari likienda kwa mwendo mzuri kati ya Matsangoni na Gede, upepo wa njiani watosha kuipoza rejeta. Gari likisimama, au likisogea hatua kwa hatua katika msongamano wa Mtwapa, upepo huo hakuna, na feni ndiyo kasia lake. Wazee wanakumbuka kwamba kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, magari yalipanga foleni yakingoja kuvushwa kwa feri kati ya Mnarani na Kilifi. Mahali pa kusimama na kusogea kama pale ndipo feni mbovu inapojulikana.

Sasa turudi kwenye swali letu. Ikiwa mshale hupanda gari linaposimama au kwenda polepole, kisha hushuka linapopata mwendo, ishuku feni kwanza. Lakini ikiwa hupanda katika mwendo wa kasi, au katika mwinuko wa kutoka Mavueni kwenda Kaloleni, ilhali gari likisimama hutulia, basi feni aghalabu haina kosa. Hapo yachunguze maji kama yamepungua, rejeta kama imeziba ndani au nje, thamostati kama haifunguki, na pampu kama imechoka. Na ikiwa maji hupungua kila siku wala huoni yanapovujia, au kichupa cha akiba chatoa mapovu injini inapounguruma, mwite fundi aitazame gasketi ya silinda hedi.

Feni zenyewe ni za namna tatu. Ya kwanza ni ile ya magari ya zamani, izungushwayo na injini yenyewe kwa ukanda. Ugonjwa wake mkubwa ni ukanda kulegea, kupasuka au kukatika. Katika magari mengi ukanda huohuo huzungusha pia pampu ya maji na mtambo wa kujaza betri. Kwa hiyo taa nyekundu ya betri ikiwaka pamoja na joto kupanda, simama mara moja. Yaelekea ukanda umekatika, na kila maili utakayokwenda yaipeleka injini kaburini.

Namna ya pili huonekana katika pikapu na malori mengi. Nayo huzungushwa na injini, lakini katikati yake mna klachi yenye mafuta mazito, ambayo huikamata feni joto linapozidi na kuilegeza linapopungua. Mafuta hayo yakivuja, klachi hushindwa kukamata. Zima injini ingali na joto, ondoa ufunguo, kisha zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka mara nyingi bila ukinzani wowote, klachi imekufa.

Namna ya tatu ndiyo iliyo katika magari madogo mengi ya siku hizi, nayo ni feni ya umeme. Ina mota yake, fyuzi, rilei, na sensa inayopima joto na kutoa amri. Mlolongo huo ufuatwe hatua kwa hatua, wala usirukwe.

Hatua ya kwanza: washa injini, kisha washa mtambo wa kupoza hewa ya ndani, kama gari linao nao ni mzima. Katika magari mengi feni hulazimika kuzunguka hapo. Ikizunguka, lakini haizunguki kwa joto la injini peke yake, mota ni nzima. Ishuku sensa au waya zake.

Hatua ya pili: isipozunguka, itazame fyuzi. Ikiwa imeungua, weka nyingine ya kipimo kilekile, wala usiweke kubwa zaidi. Ikiungua tena, ziko waya zinazogusana au mota imekwama.

Hatua ya tatu: badilisha rilei ya feni kwa nyingine iliyo sawa nayo kabisa katika sanduku lile. Feni ikizunguka, umepata ugonjwa kwa gharama ndogo.

Hatua ya nne: chomoa plagi ya mota, uipelekee mota umeme wa betri kwa waya yenye fyuzi. Isipozunguka, mota imekufa, na sasa ndipo ununue. Ikizunguka, hakikisha kwamba yavuta hewa kuipitisha kwenye rejeta kuelekea injini, maana waya zikigeuzwa baadhi ya feni huzunguka kinyume na kupigana na upepo wa njiani.

Mafundi wengine hufupisha safari: huunga feni moja kwa moja, izunguke wakati wote swichi inapofunguliwa. Kwa kukufikisha nyumbani si vibaya. Lakini hayo si matibabu. Mota isiyopumzika huchakaa upesi, na waya isiyo na fyuzi yaweza kuliteketeza gari. Wengine huitoa thamostati kwa kusema kwamba nchi yetu ni ya joto. Injini nayo ina joto lake linaloifaa. Ikikosa kulifikia hutumia mafuta zaidi na kuchakaa mapema. Thamostati ikiwa mbovu, iwekwe mpya.

Hapa pwani tuna adui mwingine, naye ni chumvi. Hewa ya bahari huila shaba na chuma, na walio karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni na Ngomeni wanajua zaidi. Mara nyingi mota ni nzima na fyuzi ni nzima, lakini ndani ya plagi mna kutu ya kijani, na umeme haupiti. Chomoa plagi, isafishe, na waya ya kwenda kwenye bodi uikwangue mpaka ing'ae kabla hujamwamini anayekuuzia mota nyingine. Vumbi la barabara za Bamba na Marafa nalo huziba mapezi ya rejeta. Lioshwe kwa maji ya nguvu ndogo, injini ikiwa imepoa, bila kuyapinda mapezi.

Tena chumvi huingia kwa mlango mwingine, yaani maji tunayotia. Visima vingi vya kandokando ya bahari vina maji ya chumvichumvi. Ukiyatia katika rejeta, huacha magaga ndani ya mabomba na kuyala madini. Tumia maji ya mvua au maji yaliyosafishwa, yachanganywe na dawa ya rejeta kama kitabu cha gari kiagizavyo. Usiseme kwamba dawa hiyo ni ya nchi za barafu tu. Huzuia kutu, na huyafanya maji yachelewe kuchemka.

Sasa nisikilizeni kwa makini juu ya hatari. Kifuniko cha rejeta huyafungia maji kwa shindo, yakapita kipimo cha kuchemka cha kawaida bila kuchemka. Ukikifungua kingali moto, maji hayo hukurukia usoni. Gari likianza kupanda joto, zima mtambo wa kupoza hewa, fungua kile cha hewa ya moto mpaka mwisho, nawe utafute mahali salama pa kusimama. Likichemka, zima injini, ngoja nusu saa au zaidi, mpaka bomba la juu la mpira lishikike kwa mkono. Usitie maji baridi katika injini iliyo moto, maana chuma chaweza kupasuka. Na mkumbuke kwamba feni ya umeme yaweza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Mikono iwe mbali, na leso, kanzu na mikono mirefu ya shati isikaribie.

Mwisho, nawaomba wenye magari wasimkaripie dereva aliyesimama njiani kwa sababu ya joto. Hasara ya safari moja hulipwa kwa safari nyingine, lakini silinda hedi iliyopindika huleta gharama kubwa. Nanyi madereva, mtazame mshale, na mkifika kwa fundi msimwambie tu, “Gari lachemka.” Mwambieni limechemka likiwa limesimama au likienda, penye mlima au penye tambarare, maji yakiwa yamejaa au yamepungua. Fundi aliyeambiwa hayo hana haja ya kubahatisha kwa fedha zenu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.