Kijana Aijue Nchi Yake Kabla ya Kuisemea
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi, walimu na wazazi, Mbeya)



Neno nililokuja nalo ni fupi, nalo lahusu somo la jiografia. Yako maneno yanayosemwa nyumbani na hata mabwenini, kwamba kijana mwenye akili husoma fizikia na hesabu, na aliyekosa huko ndiye husukumwa kwenye jiografia. Mzazi akisikia mwanawe amepangiwa somo hili husema, "Litamfaa nini? Kukariri majina ya milima?" Maneno haya hayafai kuachwa yapite, kwani yawavunja moyo vijana wetu.

Kwanza tulijue somo lenyewe. Lina karatasi mbili za mtihani. Ya kwanza ni ya ardhi: miamba, mito, hali ya hewa, udongo, na pamoja nayo kazi ya mikono, yaani kusoma ramani, kupima ardhi, kuchora takwimu na kufanya utafiti. Ya pili ni ya watu: kilimo, nishati, usafiri, idadi ya watu. Tena jiografia haikai upande mmoja. Imo HGE pamoja na historia na uchumi, imo CBG pamoja na kemia na baiolojia, imo PGM pamoja na fizikia na hesabu. Basi anayesema ni somo la waliokosa, hajalitazama.

Ninyi mnaosoma Mbeya na Iringa mna bahati ambayo wengine hawana. Kitabu chasema Bonde la Ufa lina matawi. Hapa Mbeya tawi la Rukwa na tawi la Nyasa hukutana, na hapa tuna Rungwe, mlima wa volkano wa karibu mita 2,960, na ziwa Ngozi lililomo ndani ya kasoko. Kitabu chasema maji hula ardhi. Nendeni Isimila, karibu na mji wa Iringa, mkaone nguzo zilizobaki baada ya maji kuchukua udongo uliozizunguka. Ni aibu kijana alijue bonde la Tennessee kule Marekani, na asiweze kueleza mto anaouvuka akirudi nyumbani.

Sasa nataka kuwaonyesha kwamba jambo hili si mchezo. Tuutazame mto Ruaha Mkuu. Vijito vyake vyashuka kutoka milimani, vyaingia tambarare ya Usangu, wilaya ya Mbarali, penye mashamba ya mpunga. Kisha maji hukusanyika katika kinamasi cha Ihefu. Ihefu ni kama bakuli: mdomoni mwake, Ng'iriama, pana kizingiti cha mwamba, na maji hayatoki mpaka yapande juu ya kizingiti hicho. Yakitoka hupita Hifadhi ya Ruaha, yakaenda Mtera na Kidatu kuzalisha umeme, na mwisho yakaingia Rufiji.

Tangu mwaka 1993 hivi mto ule ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi. Umeme nao ukapungua mijini, watu wakaulizana nani mkosaji. Wengi wakamnyoshea kidole mfugaji. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi na ng'ombe wao waliondolewa Usangu, na mwaka 2008 eneo lile likatiwa ndani ya hifadhi. Lakini watafiti waliopima maji huko kati ya mwaka 1998 na 2004 walikwisha kuonyesha kwamba sababu kubwa ya mto kukauka ni mifereji iliyochepusha maji ya kiangazi. Maji yaingiayo Ihefu yakiwa machache hayafiki kizingitini, na mto ulio chini yake hufa. Tena bwawa la Mtera hujazwa hasa na maji ya masika. Kwa hiyo giza la mjini na mto mkavu wa hifadhini ni maswali mawili, wala si moja.

Sisemi kwamba mfugaji hana wajibu, wala kwamba mkulima wa mpunga ni adui. Mchele wake twaula sote. Nasema hivi: mtu anayehamishwa na watoto wake astahili hesabu kabla ya hukumu. Na hesabu hiyo yahitaji mtu aliyefundishwa kupima mto, kusoma kontua, na kuweka takwimu za mvua za miaka mingi kando ya takwimu za mashamba. Mtu huyo atatoka wapi, kama si katika madarasa haya?

Basi nina maombi matatu. Kwenu wanafunzi: msikariri. Katika ramani ya 1:50,000, sentimita mbili ni kilomita moja. Tokeni nje, mwitembee kilomita hiyo, mkaone kama ramani yasema kweli. Na kwa kuwa mwasoma kwa Kiingereza, jizoezeni kumweleza bibi kwa Kiswahili yale mliyojifunza. Ukishindwa kumweleza, ujue bado hujaelewa.

Kwenu walimu: utafiti wa nje ufanywe nje. Takwimu zilizotungwa bwenini humfundisha kijana kusema uongo kwa tarakimu, na kesho atausema ofisini.

Kwenu wazazi na wenyeviti wa vijiji: kijana akija na daftari kuuliza mfereji wako hufunguliwa lini na hufungwa lini, mjibuni. Msimfukuze kama mpelelezi. Huyo ajifunza kuwatetea.

Ndugu zangu, ardhi na maji ndiyo mali tuliyo nayo sote. Asiyeijua mali yake atahesabiwa na wengine, na ataambiwa fungu lake limekwisha. Shikeni ramani, tokeni mkapime.