Kihisi Kinachodanganya: Uzoefu wa Fundi wa Mifumo ya Udhibiti wa Majengo ya Hospitali

Mada kwa semina ya mafundi, wahandisi na wasimamizi wa majengo ya hospitali

1. Utangulizi



Asubuhi moja daktari wa upasuaji alinisimamisha koridoni, kofia ya thieta bado kichwani. "Fundi, mle ndani tunatetemeka. Mgonjwa wangu kapoa mpaka vidole." Nikaenda kwenye paneli. Kioo kilionyesha nyuzi 22, pale pale tulipopanga. Nikamjibu kwa adabu, lakini kwa kiburi cha mtu mwenye namba mkononi: "Daktari, mfumo unasema 22." Akanitazama. "Basi uambie mfumo uje uvae gauni ukae na sisi."

Nikachukua kipimajoto cha kioo, nikaingia. Nyuzi 17.

Kihisi cha chumba kile kilikuwa cha waya wa platinamu, aina inayojulikana na kila fundi hapa: omu 100 kwenye nyuzi sifuri, na kila nyuzi moja ya joto inaongeza takriban omu 0.385. Jengo liko karibu na bahari. Upepo wa chumvi ulikuwa umeshika skrubu inayobana waya wa kihisi, na kutu ile ikaongeza kama omu 2. Kwa kidhibiti, omu 2 ni nyuzi 5 za joto lisilokuwepo. Kikadhani chumba kinaungua, kikafungua vali ya maji baridi, kikapoza hadi kilipojiona kimefika 22. Kidhibiti hakikukosea hata kidogo. Kilitii uongo.

Mada yangu imesimama juu ya kisa hicho. Kihisi kilichokufa hakinitishi sana, kwa sababu kufa kwake kunaonekana. Kinachonitisha ni kihisi kilicho hai kinachodanganya.

2. Kazi yenyewe

Watu wengi hutuchanganya na fundi umeme au na fundi wa vifaa tiba. Fundi umeme analeta umeme hadi kwenye paneli. Fundi wa vifaa tiba anashughulika na mashine inayomgusa mgonjwa. Sisi tuko katikati: tunatunza akili ya jengo. Hewa ya thieta, maji ya moto, majokofu ya damu na chanjo, mtambo wa oksijeni, jenereta na chenji ova yake, pampu za maji. Kila kimoja kina kihisi kinachopima, kidhibiti kinachoamua, na mkono unaotenda, uwe vali, feni au kontakta.

Nyumbani kiyoyozi kikikosea nyuzi 5 utavuta shuka. Hospitalini nafasi ya kukosea ni finyu. Chanjo nyingi hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Damu kamili na chembe nyekundu hukaa kati ya 2 na 6. Mgonjwa aliye kwenye usingizi wa ganzi hawezi kutetemeka ili ajipashe joto, na mwili uliopoa huvuja damu zaidi na huambukizwa kirahisi. Daktari yule hakuwa akilalamikia starehe yake.

Waliobuni vifaa vyetu walilijua mapema tatizo la kihisi kisichoaminika. Ndiyo maana ishara nyingi za vihisi huanzia miliampea 4 na kuishia 20, badala ya kuanzia sifuri. Kipimo cha chini kabisa ni 4. Waya ukikatika, mkondo unashuka hadi sifuri, na kidhibiti kinajua kwamba hapa hakuna kipimo, hapa kuna hitilafu. Hiyo ni busara kubwa ndani ya waya mbili. Lakini busara hiyo inamkamata maiti tu. Mwongo anayesema miliampea 12 wakati ukweli ni 10 anapita bila kuulizwa.

3. Aina nne za uongo nilizokutana nazo

3.1 Taa ya kijani

Chumba cha kutengea wagonjwa wa kifua kikuu kinatakiwa kuvuta hewa ndani, isitoke koridoni. Shirika la Afya Duniani linataja kiwango cha mabadiliko 12 ya hewa kwa saa kwa vyumba vya namna hiyo. Katika hospitali moja mota ya feni ya kutolea hewa iliungua, ikapelekwa kusukwa, ikarudi, ikafungwa. Swichi ikawashwa, taa ya kijani ikawaka. Kila mtu akaondoka.

Wiki mbili baadaye nilikata kipande cha karatasi laini, nikakishika chini ya mlango. Kilipepea kuelekea kwangu. Hewa ya wagonjwa ilikuwa inatoka nje.

Wakati wa kufunga mota, waya mbili kati ya tatu zilikuwa zimebadilishana nafasi, feni ikazunguka kinyume. Feni za aina ile, zenye gurudumu la mapanga ndani ya kasha, zikigeuzwa hazirudishi upepo nyuma. Zinaendelea kusukuma upande ule ule, ila kwa nguvu hafifu. Feni ya kuingiza hewa ikaishinda ya kutoa. Na taa ya kijani? Taa ilikuwa imeungwa kwenye kontakta, swichi inayoipelekea mota umeme. Ilichokuwa ikisema ni kwamba kontakta imeng'ata. Juu ya hewa haikuwahi kusema lolote; sisi ndio tuliojazia maneno.

3.2 Mstari ulionyooka

Jokofu la damu lilikuwa limeungwa kwenye kompyuta ya kufuatilia joto. Nilipofungua grafu ya siku tatu nilikuta mstari mmoja wa nyuzi 4.0, umenyooka kama uzi wa mwashi. Mtu wa maabara alifurahi. Mimi nikashikwa na wasiwasi. Jokofu zima hupumua: kompresa ikiwaka joto linashuka, ikizima linapanda, mlango ukifunguliwa linaruka. Grafu yake ina meno kama msumeno.

Kisanduku cha mawasiliano kilikuwa kimeganda na kurudia namba ya mwisho iliyopokelewa. Tuliingiza kipimajoto ndani ya chupa ya maji iliyokuwamo: nyuzi 9. Damu yote ya jokofu lile ikaondolewa kwenye matumizi. Tangu siku hiyo huwaambia vijana ninaowafundisha: kipimo kisichotikisika kichunguze kwanza.

3.3 Presha bila oksijeni

Mitambo mingi ya kuzalisha oksijeni hospitalini inachuja hewa ya kawaida. Kuna matangi mawili yenye punje za seolaiti. Moja linanasa nitrojeni huku lingine likijisafisha, kisha yanapokezana. Kinachotoka ni oksijeni ya takriban asilimia 93. Katika bomba, presha ya kawaida ni kama baa 4.

Sasa tazama saa ya ukutani wodini. Inapima presha. Baa 4 za oksijeni na baa 4 za hewa ya kawaida, sindano inasimama pale pale. Punje zikilowana kwa sababu kikaushio cha kompresa kimeshindwa, usafi wa oksijeni unashuka na sindano haina habari. Anayejua ni kipima-oksijeni peke yake, na seli yake huzeeka kama betri. Dawa yake ni rahisi na ni ya bure: kipitishie hewa tunayovuta hapa. Kisiposoma karibu asilimia 20.9, usiamini 93 yake.

3.4 Jenereta la maonyesho

Kila Jumatatu tulikuwa tunawasha jenereta dakika kumi. Mlio safi, moshi kidogo, tunaandika "sawa". Usiku mmoja umeme wa gridi ukakatika. Jenereta likawaka vizuri kabisa, na hospitali ikabaki giza. Chenji ova, swichi ya kuhamishia hospitali kwenye jenereta, ilikuwa imekwama, kwa sababu kwa miezi yote ile tulikuwa hatujawahi kuitaka ihame. Tuliisukuma kwa mkono kwa mwanga wa simu, na dakika zile sitazisahau.

Kanuni za Marekani kwa hospitali zinataka umeme wa dharura urudi ndani ya sekunde 10, na jenereta lijaribiwe kila mwezi kwa dakika 30 likiwa limebeba angalau asilimia 30 ya uwezo wake. Hiyo asilimia ina maana. Injini ya dizeli isiyobeba mzigo haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, masizi yanajaa kwenye bomba la moshi. Kwa hiyo majaribio yetu ya Jumatatu yalikuwa yanadanganya na kuharibu kwa wakati mmoja.

4. Alamu na plasta

Mwaka 1883 mwalimu Mmarekani, Warren Johnson, alisajili hataza ya kifaa cha umeme cha kupimia joto la darasa. Kikigundua joto limepita kiasi, kiligonga kengele kule kwenye chumba cha tanuru ili mtunza jengo arekebishe. Leo tuna kompyuta, lakini mwisho wa mnyororo bado ni ule ule: kengele inalia, mtu anainuka. Mtu asipoinuka, vyote vilivyotangulia ni pambo.

Niliwahi kukuta paneli ya gesi wodini imebandikwa plasta juu ya tundu la mlio. Nikamfuata muuguzi wa zamu nikiwa nimekasirika. "Sista, nani kafanya hivi?" Akajibu bila kuficha: "Mimi, fundi. Inalia kila usiku, nikiwapigia mnaniambia ni kawaida. Wagonjwa hawalali."

Nikakosa la kusema. Kikomo cha presha tulikiweka karibu mno na presha ya kazi, hivyo kila wodi ya jirani ilipofungua gesi nyingi, alamu ililia. Yule sista alijifunza kutokana na majibu yetu kwamba mlio hauna maana. Plasta aliibandika yeye, lakini tuliompa ni sisi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Paneli iliyozibwa mdomo ni kimya cha namna hiyo.

5. Mapendekezo

Kwanza, kila kipimo kiwe na shahidi asiyetegemea mfumo wenyewe. Kipimajoto cha mkononi kwa joto, karatasi chini ya mlango kwa hewa, hewa ya kawaida kwa kipima-oksijeni. Na vipimo vya mashahidi hao navyo vipelekwe kwenye ugezi, yaani kuhakikiwa usahihi wake, kwa ratiba.

Pili, taa ya "inafanya kazi" iungwe kwenye matokeo na si kwenye amri. Swichi ndogo ya presha ndani ya njia ya hewa inatosha kutuambia kama feni inasukuma.

Tatu, jenereta lijaribiwe kwa kukata umeme kweli, kwa makubaliano na thieta na chumba cha wagonjwa mahututi, na muda wa kurudi umeme uandikwe kwa sekunde.

Nne, tuache kuandika "sawa" daftarini. "Sawa" si kipimo. Tuandike nyuzi, baa, volti. Mwenye namba za miezi sita ataona betri ikichoka kabla haijagoma.

Tano, mikataba ya ujenzi imtake mkandarasi akabidhi nywila, nakala ya programu na michoro ya waya kabla ya malipo ya mwisho. Nimeshakaa mbele ya kidhibiti kizima, kisicho na ubovu wowote, nisiweze kurekebisha kikomo kimoja kwa sababu nywila iliondoka na mtu aliyekifunga.

Sita, fundi aingie kwenye kikao cha asubuhi cha hospitali, walau mara moja kwa wiki. Malalamiko ya wauguzi, hata yale yanayoanza na "sijui kwa nini lakini", yaandikwe kama taarifa za hitilafu.

6. Hitimisho

Ile skrubu yenye kutu niliisafisha kwa brashi na kipande cha msasa. Kazi ya dakika tano. Kioo cha paneli kikaruka kutoka 22 hadi 17, na kwa mara ya kwanza katika wiki kadhaa kikawa kimekubaliana na daktari.

Nikamrudia daktari kumwomba radhi. Akauliza skrubu ilikuwa imeharibika tangu lini. Nikafungua daftari nimtafutie tarehe. Kurasa mbili zilikuwa zimejaa neno moja, kwa mwandiko wangu mwenyewe: sawa, sawa, sawa.