Kanuni Si Pingu



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu, kuna neno tunalisikia sana: "Kila kitu kina sheria, sanaa itatoka wapi?" Hebu tulitazame taratibu.

Nenda Mnarani, kule juu ya hori ya Kilifi. Msikiti ule wa kale ni magofu sasa, lakini kazi ya fundi ingali inasema. Mila ya misikiti ilimkataza kuchora mtu wala mnyama. Jiwe lake lilikuwa tumbawe, ambalo huchongeka likiwa bichi kutoka baharini, na likikauka huwa gumu. Basi alifanyaje? Alizigeuza herufi za Kiarabu zikawa ndiyo pambo lenyewe, na kwa maandishi hayo Mnarani inajulikana hadi leo. Mlango mmoja ulifungwa, akafungua mwingine.

Sasa njoo kwenye utenzi. Kila mshororo una mizani minane. Chukua maneno haya: "Nyumbani kwetu kuna amani." Hesabu silabi, ni kumi. Zimezidi! Itabidi upunguze na upindue: "Kwetu nyumbani amani." Nane kamili. Umetoa neno moja tu, na maneno yamepata mwendo. Nani amekufundisha? Ile hesabu.

Mtazame pia Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Alifungwa kwa sababu za siasa tangu 1969 hadi 1972, akawa anaandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yalitoka kitabu mwaka 1973, *Sauti ya Dhiki*. Jamani, sisemi jela ni njema. Dhuluma ni dhuluma. Lakini angalia: huko kwenye dhiki, vina na mizani hakuviacha. Kuta aliwekewa na watu, kanuni za shairi alizishika mwenyewe. Hapo ndipo kanuni na pingu zinapoachana.

Basi kijana, usiku mmoja wa mwezi huu, baada ya tarawehe, kaa na nyanya yako mtunge ubeti mmoja. Mishororo minne, mizani minane kila mmoja. Mitatu ya kwanza iwe na kina kimoja, wa nne uwe na chake. Mkikwama msiilaumu mizani, tafuteni neno jingine. Nyanya analo, na usipomuuliza leo litaondoka naye.

Ramadhan Kareem. Wabillahi tawfiq.