Mpeni Mtoto Rula

Mtoto wa Buzuruga akifunga makopo matatu kwa waya na kuyaburuza uani, kwake hiyo ni treni. Mara nyingi mama au baba hutoka na kusema: "Toa uchafu huo!" Leo nawasihi wazazi wenzangu: msiyatupe makopo hayo, mpeni mtoto rula.

Treni ya mfano huanza na kipimo. Reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 ina upana wa meta 1 kati ya chuma na chuma. Tukichukua uwiano wa 1 kwa 20, yaani sentimita 1 isimame mahali pa sentimita 20, reli ya mtoto itakuwa na upana wa sentimita 5. Reli ya kisasa, ambayo ujenzi wake kati ya Mwanza na Isaka ulianza mwaka 2021, ina upana wa milimita 1,435. Kwa uwiano huohuo tunapata sentimita 7 na kidogo. Akizilaza zote mbili sakafuni, mtoto ataona mwenyewe kwa nini behewa la reli ya zamani haliwezi kupita kwenye mpya.

Kuanza hakuhitaji fedha nyingi. Aanze na reli iliyonyooka, meta moja tu: vijiti viwili vilivyobandikwa kwa gundi juu ya mataruma ya boksi gumu. Kisha atengeneze behewa la mizigo, maana ni sanduku lenye magurudumu. Kichwa cha treni kisubiri. Kila gurudumu liwe na ukingo upande wa ndani, ndio unaolizuia lisitoke relini. Magurudumu mawili yashikamane na ekseli moja, yazunguke pamoja. Kona ije mwisho, tena iwe pana, kwani kona kali huangusha behewa.

Jambo moja lisifanyiwe mzaha: vipimo havichukuliwi kwa kushuka relini. Mtoto asimame stesheni na mkubwa wake, atazame, achore.

Reli zetu zinahitaji mafundi wa njia, wa mabehewa na wa umeme. Chuo huwafundisha kazi, lakini jicho la kupima na mkono mtulivu huzoezwa mapema. Samaki mkunje angali mbichi. Jioni hii, ukiyakuta makopo uani, muulize kwanza mwanao: "Behewa lako lina urefu gani?"